Kitanda Foshan, Godoro Dar: Kazi Iliyo Katikati ya Wauzaji

Kitanda cha watu wawili kinachotoka viwanda vya Foshan, China, kwa kawaida kina nafasi ya godoro ya sentimita 150 kwa 200, au 180 kwa 200. Godoro la Dar es Salaam linauzwa kwa futi: tano kwa sita, sita kwa sita. Piga hesabu. Tano kwa sita ni kama sentimita 152 kwa 183. Liweke kwenye kitanda cha 150 kwa 200, ubavuni litabana, na miguuni litaacha pengo la sentimita 17, ambalo mguu wa mtu mzima unatumbukia bila shida. Aliyeuza kitanda hana kosa, alitengeneza kipimo cha kwao. Aliyeuza godoro naye hana kosa, aliuza kipimo cha kwetu. Pengo halina mwenyewe, na mgeni wa hoteli ndiye atakayelala nalo.

Kazi yangu ni kuagiza fenicha kutoka nje kwa ajili ya hoteli ndogo, nyumba za kupangisha na ofisi, nyingi zikiwa Dar na Unguja. Watu wakisikia hivyo huniuliza bei, wakiamini kwamba ugumu wa kazi uko kwenye kumpata muuzaji wa bei nafuu. Bei nafuu zimejaa, ukienda utazikuta. Mradi wenye wauzaji wanane au kumi unaharibikia pale bidhaa ya mmoja inapokutana na ya mwenzake. Kila kiwanda kinaweza kutimiza mkataba wake neno kwa neno, na bado chumba kisikae sawa.

Nianze na mahali penyewe. Lecong ni mji mdogo katika wilaya ya Shunde, ndani ya Foshan, mkoa wa Guangdong, mwendo mfupi kwa gari kutoka Guangzhou wanakofikia wafanyabiashara wetu wengi. Soko lake la fenicha linafuata barabara kwa kilomita kama kumi, maduka yamepangana pande zote, na jengo lake mashuhuri linaitwa Louvre, limejengwa kama kasri la Ulaya. Jirani yake ni Longjiang, ambako utakuta viwanda pamoja na malighafi: vitambaa, sponji, miguu ya makochi, bawaba, reli za droo. Duka moja la Lecong linaweza kukuonyesha kitanda, sofa, meza ya chakula na kabati, vyote vikiwa vimetoka viwanda vinne tofauti. Wewe unaamini una muuzaji mmoja, kumbe unao wanne, na watatu hujawahi kuwaona. Kwa hiyo swali langu la kwanza dukani ni kama kitu kile wanakitengeneza wenyewe, na la pili ni kama naweza kwenda kiwandani leo hii. Anayetengeneza mwenyewe hufurahi kukupeleka. Na kiwanda kizuri kwa kawaida kinajua kitu kimoja tu: wa sofa anajua sofa, wa mawe anajua mawe. Kwa hiyo huwezi kukwepa kuwa na wauzaji wengi ukitaka ubora, isipokuwa ukubali kumlipa mtu wa kati ambaye naye atakwenda kwa haohao.

Mteja wangu mmoja, mama mwenye hoteli pwani ya mashariki ya Unguja, aliisoma orodha niliyompelekea, akaikunja na kuniwekea mezani. "Mwanangu, mimi sinunui viti. Nanunua vyumba." Nikamwambia, "Sawa mama, nimekuelewa." Tangu hapo jedwali langu linapangwa kwa vyumba, halipangwi kwa wauzaji. Kila kitu kina mstari wake: vipimo, malighafi, rangi, picha, bei, tarehe. Lakini safu ninayoithamini kuliko zote inaitwa "kinagusa nini". Kitanda kinagusa godoro. Godoro linagusa shuka, na shuka za seti zina vipimo vyake. Ubao wa kichwani unagusa soketi iliyoko ukutani. Kiti kinagusa meza. Pazia linagusa sakafu. Kila penye neno "kinagusa" pana wauzaji wawili, na hapo ndipo mimi natakiwa kuwepo.

Chukua kiti na meza. Meza ya chakula huwa na kimo cha sentimita 75 na kiti kina kimo cha kukalia cha sentimita 45 hivi, kwa hiyo kwenye karatasi vinaelewana. Sasa mpe mteja kiti chenye mikono. Kama mikono iko sentimita 68 kutoka chini, na meza ina ubao wa pembeni unaoshuka hadi sentimita 67, kiti hakiingii chini ya meza. Mgahawa mzima utakuwa na viti vilivyosimama nje nje, na njia ya wahudumu imekwisha. Sentimita moja tu. Muuzaji wa kiti hataiona kwa sababu hana meza, na wa meza hataiona kwa sababu hana kiti.

Chandarua nacho ni cha kwetu, wao hawakifikirii. Vitanda vyao vya kisasa havina nguzo wala mahali pa kufunga chochote, na hoteli ya pwani bila chandarua haifai. Uamuzi huo lazima ufanyike kabla ya kuagiza: ama kitanda chenye nguzo, ama ndoano ya darini ambayo fundi wa jengo ataiweka kabla hajamaliza dari. Hali kadhalika soketi zilizojengewa kwenye meza za kando ya kitanda. Zikija na matundu ya Kichina, hazifai Tanzania wala Kenya, ambako tunatumia pini tatu bapa za Kiingereza. Andika kwenye mkataba, weka picha ya soketi yenyewe, na siku ya ukaguzi nenda na plagi yako mfukoni uichomeke.

Rangi ndiyo inayonichukulia muda mrefu kuliko yote. Karibu kila katalogi ina rangi iitwayo walnut. Ya kiwanda hiki ni kahawia yenye wekundu, ya kile ina ujivu, ya tatu inaelekea chokoleti. Ukiagiza walnut kwa wauzaji wanne utapata chumba cha kahawia nne, na hakuna utakayemrudishia mzigo, maana kila mmoja ameleta kilichoandikwa.

Ninachofanya ni hiki. Nachagua kiwanda chenye vitu vingi zaidi vya mbao kwenye mradi, mara nyingi cha vitanda, nakiomba kinipakie rangi ubao mmoja mkubwa mpaka mimi na mteja turidhike. Ubao ule unakatwa vipande. Nyuma ya kila kipande naandika jina la mradi na tarehe kwa wino usiofutika, naweka sahihi, na mwenye kiwanda anaweka yake. Kimoja kinabaki kwake, vingine vinakwenda kwa wa meza, wa makabati na wa viti. Kimoja kinasafiri hadi kwa mteja, na kimoja kinakaa godauni kusubiri ukaguzi. Kwa kuwa vyote vimetoka ubao mmoja, hakuna atakayedai kwamba sampuli yake ilikuwa na rangi nyingine.

Halafu natoka nacho nje. Taa za maduka ni za njano na zinaficha mengi. Vipande viwili vilivyofanana chini ya taa vinaweza kutofautiana waziwazi juani, na chumba cha hoteli ya ufukweni kinaogeshwa mwanga wa jua mchana kutwa. Nakumbuka mwenye kiwanda kimoja cha makabati huko Longjiang alivyonitazama nikiubeba mlango wa kabati lake hadi nje ya lango, nikaulaza kwenye saruji, nikaweka kipande cha sampuli kando yake. Akaja akachuchumaa. Akauzungusha mlango ili mishipa ya mbao ielekee upande mmoja na ile ya sampuli, akasogeza uso karibu, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Hatukuwa na lugha ya pamoja na mkarimani alikuwa bado kwenye simu. Akasimama, akamwita fundi wake wa rangi kwa sauti, akamwonyesha. Walirudia milango yote, na kiwanda kile hadi leo ndicho ninachokitafuta kwanza.

Usisahau mng'ao. Rangi ikiwa moja lakini hii inang'aa na ile imefifia, jicho litasema ni rangi mbili. Na ukitumia vinia, yaani tabaka jembamba la mbao, halisi ya walnut, jua kwamba hupauka kadiri miaka inavyokwenda kwenye mwanga, kwa hiyo kitu utakachoongeza baadaye hakitafanana na cha mwanzo. Agiza vya akiba palepale.

Kwa hoteli za pwani kuna suala la chuma. Foshan ni kitovu kikubwa cha chuma cha pua, na miguu mingi ya meza na viti inayouzwa kule kwa bei ya kuvutia ni ya daraja la 201. Nyumba ya Dodoma itakaa nayo vizuri. Mita mia kutoka baharini itaanza kutoa madoa ya kutu mapema sana, kwa sababu 201 ina nikeli kidogo na manganizi nyingi. Daraja la 304 linavumilia zaidi, na pale chumvi inaporuka moja kwa moja linatakiwa la 316. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, na sumaku haisaidii. Kuna dawa ya matone inayopimia manganizi: unadondosha tone, unapitisha umeme wa betri ndogo, na 201 inageuka nyekundu. Natembea nayo. Ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizogandishwa, nao lazima uzibwe kingo zote, hata zile zilizogeukia ukuta, maana unyevu wa pwani huingilia nyuma ambako hakuna anayetazama.

Fenicha za nje za mtiki mara nyingi nazipendelea kutoka Jepara, kisiwani Java, Indonesia, mji wa mafundi wa kuchonga. Hapo unaongeza nchi ya pili, bandari ya pili, ambayo ni Semarang, na meli ya pili. Vitu hivi haviwezi kuingia kontena la Foshan. Ninachojitahidi ni viti vya nje visitangulie kufika wakati bwawa bado linachimbwa.

Tarehe ni mahali pengine ambapo wauzaji hukutana bila kujuana. Wengi watakuambia siku 30 hadi 45 kuanzia siku ya malipo ya awali, ambayo kwa desturi ni asilimia 30, na 70 inayobaki hulipwa kabla mzigo haujatoka kiwandani. Ukiwalipa wote siku moja, wa meza za jiwe atamaliza mapema na kudai pesa yake na nafasi yake sakafuni, huku wa sofa akiwa bado anasubiri kitambaa. Napanga kutoka mwisho kurudi mwanzo: siku ya kupakia kwanza, halafu kila mmoja namlipa awali kwa kuhesabu siku zake kurudi nyuma, wa polepole akianza. Kontena halina haraka kuliko kiwanda chake cha mwisho.

Na kalenda ya China lazima uijue kama unavyojua Ramadhani itaangukia lini. Mwaka Mpya wao hufuata mwezi: mwaka 2025 ulikuwa Januari 29, wa 2026 Februari 17. Viwanda hufungwa wiki mbili hadi nne, mafundi wanarudi mikoani kwao, na baadhi hawarejei tena. Hatari kubwa iko kwenye wiki zinazotangulia, kila mteja anapotaka mzigo wake utoke. Rangi inafungwa kwenye plastiki haijakauka, gundi bado inanuka. Mzigo wa namna hiyo naona ni afadhali usubiri hadi Machi, hata mteja akinuna.

Pesa ya mwisho hailipwi kabla ya ukaguzi, na ukaguzi unafanyika kiwandani, kitu kikiwa hakijafungwa. Picha za kwenye simu hazitoshi. Kama huwezi kusafiri, wako Waswahili wanaoishi Guangzhou wanaofanya kazi hiyo kwa uaminifu, wanazungumza Kichina, na watakupigia simu ya video kutoka sakafuni. "Dada, droo ya tatu inagoma, unataka wairekebishe au nikatae?" Mtu wa namna hiyo anastahili malipo mazuri. Na ukipokea ujumbe kwamba akaunti ya benki imebadilika, usilipe chochote hadi umsikie mwenye kiwanda kwa sauti yake mwenyewe.

Sasa godauni. Naomba kila muuzaji aninukulie bei ikiwa pamoja na kufikisha mzigo kwenye godauni moja hapo Foshan, kisha kampuni moja ya kusafirisha inatangaza mzigo wote forodhani, kwa kuwa maduka mengi madogo hayana kibali cha kuuza nje. Kila boksi linaandikwa kwa msimbo wa chumba, si kwa jina la kiwanda. Boksi lenye maandishi 204-KITANDA-1/3 hata kijana asiyewahi kuona jedwali langu atajua alipeleke wapi. Halafu nasisitiza jambo ambalo viwanda hulipuuza: mfuko wa skrubu ufungwe kwa utepe kwenye kipande kikubwa cha kitu chenyewe, ndani ya boksi lake. Fenicha hizi nyingi zinakuja zikiwa vipande, kila kiwanda kina skrubu zake na ufunguo wake, na mifuko ikichanganyika unaweza kuwa na vitanda arobaini na usiweze kusimamisha kimoja.

Kontena la futi 40 lenye kimo kirefu (high cube) lina mita za ujazo kama 76 kwa vipimo vya ndani, lakini kwa fenicha mimi nahesabu 66 hadi 68, kwa sababu makochi hayapangiki kama matofali. Siku ya kupakia nataka kuwepo, au mtu wangu awepo, mwanzo hadi mlango unapofungwa. Meza za jiwe zinaingia kwenye kreti za mbao, zikisimama kwa ukingo. Jiwe likilazwa bapa litapasuka baharini. Vizito chini, sofa juu, na nafasi zinazobaki zinajazwa mito na magodoro yaliyobanwa. Vitakavyohitajika kwanza hotelini vinapakiwa mwisho, karibu na mlango. Mbao za kreti lazima ziwe na muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia, unaoonyesha kwamba zilipashwa moto hadi kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, au zilifukizwa dawa. Mifuko ya kunyonya unyevu inaning'inizwa kwenye kuta za kontena, maana kwenye safari ndefu ya Bahari ya Hindi chuma hupoa usiku na maji hudondoka kutoka juu.

Karatasi zinapaswa kusema jambo moja. Ankara, orodha ya mzigo na hati ya shehena zikitofautiana idadi ya maboksi, utakaa bandarini ukilipa gharama za kuchelewesha kontena. Kwa Tanzania Bara, TBS, yaani Shirika la Viwango, wana utaratibu uitwao PVoC: mzigo unakaguliwa na kupewa cheti ukiwa bado nchi ulikotoka. Ukiwa na viwanda vinane, omba ukaguzi huo ufanyike godauni mzigo ukiwa umekusanyika. Kontena la Unguja mara nyingi hubadilishiwa meli Dar au Mombasa, kwa hiyo ongeza siku.

Halafu kodi, ambazo wateja wengi hawazihesabu hadi wamekwisha kulipa kiwanda. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia kiwango cha nne cha ushuru wa forodha wa pamoja, asilimia 35, na fenicha ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa humo. Ushuru unapigwa juu ya thamani pamoja na nauli na bima. Shilingi 100 inakuwa 135, kisha VAT ya Bara ya asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo 135, unafika 159 na senti, kabla hujagusa tozo nyingine. Bajeti hubadilisha mambo kila Julai, kwa hiyo kaa na wakala wako wa forodha mwanzoni mwa mradi.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niwaambie wateja waziwazi kwamba baadhi ya vitu visiagizwe. Kabati la ukutani ukilisafirisha umesafirisha hewa. Fundi wa Keko, hapo Dar, atakuja na futi yake, atapima ukuta ulivyo na upindaji wake wote, atatengeneza kwa mninga au mkongo, na mlango ukilegea mwaka wa tatu utampigia simu aje. Nauheshimu sana ustadi huo, na katika miradi yangu napenda pesa ya mteja ibaki nyumbani kadiri inavyowezekana. Lakini fundi wa Keko naye ni muuzaji kama wengine. Anapewa kipande chake cha sampuli ya rangi, kile kilichotoka ubao uleule wa Foshan, na tarehe yake inaingia kwenye jedwali.

Kabla mlango wa kontena haujafungwa, kuna boksi moja la mwisho ninalolisimamia mwenyewe. Ndani yake kila kiwanda kinaweka vyake: kopo dogo la rangi ya kuziba mikwaruzo, bawaba na reli za droo za ziada, mita kadhaa za kitambaa cha sofa kutoka jora lilelile, miguu ya viti, skrubu na funguo zake, kila kundi na jina la kitu chake. Nje linaandikwa VIPURI kwa herufi kubwa. Linapofika nalikabidhi kwa mtu wa matengenezo wa hoteli, tunalifungua pamoja, anahesabu na kusaini.